MTI WA KIVULI NYUMBANI

Wahenga walisema, mpanda ovyo hula ovyo. Mimi nimeyaona hayo kwetu Kipsongo. Mzee alipanda mkaratusi hatua tatu tu kutoka jikoni kwa sababu hukua haraka. Mwaka juzi upepo wa mvua uliangusha tawi, likatoboa bati mahali pale pale nyanya alipokuwa ameketi dakika chache kabla. Kesho yake tuliukata. Kumbe sasa jua nalo likatuvamia, nyumba ya mabati ikawa kama tanuri!

Basi tupande mti gani? Wasomaji wa Biblia wanaujua mwaloni, ule wa Abrahamu kule Mamre. Huo si wa kwetu. Mgrevilea uliojaa hapa Kitale, Waingereza waliuita mwaloni wa hariri kwa ajili ya mbao zake, lakini si ndugu. Asili yake ni Australia, nao uliletwa kutia kivuli mashamba ya chai na kahawa. Unafaa mpakani kwa kuni na mbao, ila matawi yake huvunjwa na upepo. Sisi tulichagua mringaringa, mti wa asili ya Afrika. Matawi yake hutanda kama mwavuli, na maua yake meupe hupendwa na nyuki.

Ndugu msomaji, fanya hivi. Kwetu jua hupita karibu na utosi, kwa hivyo joto linalochosha ni la alasiri. Panda upande wa machweo, hatua kumi kutoka nyumbani, mbali na choo, bomba la maji na nyaya za stima. Chimba shimo la futi mbili kabla ya mvua ya Machi na Aprili. Udongo wa juu uuweke kando, uuchanganye na samadi iliyooza. Mvua ikishika, chana karatasi ya mche bila kuvunja mizizi, panda, kisha shindilia. Zungushia miiba, maana mbuzi wa mtaani hawana adabu. Kuanzia Desemba hadi Februari mwagilia maji na utandaze nyasi kavu shinani.

Wetu sasa umefikia kimo cha mlango. Nyanya bado anahamisha kigoda chake akifuata kivuli cha ukuta. Nikimwagilia maji, yeye hucheka na kuniambia, "Mjukuu wangu, huo ni wako na wanao." Mimi namwombea aukalie.