Nyayo Zote Chini, na Bado Anatembea

Kutembea ni jambo la kila siku, la mkulima, mchuuzi na karani, na Auguste Rodin aliliona linatosha kuwa mada nzima ya sanamu. "Mtu Anayetembea" ni sanamu ya shaba isiyo na kichwa wala mikono. Ina kiwiliwili na miguu miwili iliyotanuka, basi. Ilitokana na maandalizi ya sanamu yake ya Yohana Mbatizaji ya mwaka 1878, na aliyeigwa alikuwa mkulima wa Kiitalia asiyewahi kusimama mbele ya mchongaji. Ukiikagua kwa makini utaona nyayo zote mbili zimelala chini, kisigino hadi vidole. Nadai kwamba kosa hilo ndilo linaloifanya itembee.

Ni kosa kweli. Mtu akienda kwa mwendo wa kawaida, kipo kitambo ambapo miguu yote miwili inagusa ardhi, lakini wakati unyayo wa mbele unatua, kisigino cha nyuma kimekwisha kuinuka. Rodin ameunganisha nyakati mbili zisizokutana: mguu wa kushoto, ulio nyuma, bado unasukuma, wa kulia umeshafika. Jicho likianzia nyuma, likapanda nyongani na kuteremka mbele, linaipitia hatua nzima tangu mwanzo hadi mwisho, na mtazamaji anaona mwendo ingawa shaba haikutikisika.

Mpinzani atasema huo ni ulaghai, na ushahidi anao. Mwaka huohuo wa 1878, Eadweard Muybridge alipiga picha za farasi huko California zilizoonyesha kwamba mbioni kwato zote nne huwa hewani kwa kitambo, tena si katika mkao ambao wachoraji walikuwa wameuzoea. Kwa nini basi mchongaji asiifuate kamera? Katika mazungumzo na mwandishi Paul Gsell yaliyochapishwa mwaka 1911, Rodin alijibu kwamba mtu aliyepigwa picha akitembea huonekana kama aliyepooza ghafla, na kwamba kamera ndiyo inayodanganya, kwa kuwa muda hausimami. Hapo alizidisha. Kamera inasema kweli kuhusu mguu ulipo. Haina la kusema kuhusu ulikotoka, na mwendo ni habari ya ulikotoka na unakokwenda.

Mali ghafi nayo ina sehemu yake. Marumaru hustahimili kugandamizwa lakini huvunjika upesi ikipindwa, ndiyo maana sanamu nyingi za mawe zilizotanua miguu huegemezwa kwenye kisiki cha kuchongwa. Shaba husubiwa ikiwa na uwazi ndani, na ina ukakamavu wa kubeba kiwiliwili kizima juu ya vifundo viwili. Kisiki kingeiua hatua hii.

Mchongaji Umberto Boccioni alikwenda mbali zaidi mwaka 1913: mtu wa sanamu yake ana mapindo kama ya hewa anayoipasua. Aliitengeneza kwa plasta, akafariki mwaka 1916, na haikusubiwa kwa shaba hadi 1931. Siku hizi imo kwenye sarafu ya Italia ya senti 20 za yuro. Ni kazi kubwa, ila kasi imemmeza mtembeaji. Kwa Rodin uzito wa mwili bado upo.

Ukifika Makumbusho ya Rodin mjini Paris, usiipige picha kwanza. Anzia nyuma, upande wa mguu wa kushoto, kisha uizunguke polepole.