Shimo na Tuta, Jiwe na Mchanga

Ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde huko Mbinga, mlima uliolimwa na Wamatengo unaonekana kama sega la nyuki: mashimo kwa mashimo, kila moja limezungukwa na matuta pande zote nne. Hiyo ndiyo ngolo, kilimo cha kale ambacho mwandishi aitwaye Pike alikwisha kukiandikia makala mwaka 1938.

Kazi huanza mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni. Wanaume hufyeka majani, huyaacha yanyauke, kisha huyalaza kwa mistari inayokatana mpaka ifanye miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya mraba na kuyafunika majani hayo. Palipochimbwa pamekuwa shimo, palipofunikwa pamekuwa tuta, na maharage hupandwa juu ya tuta. Mahindi husubiri mvua za msimu unaofuata.

Sasa iangalie mvua kubwa ikishuka. Tuta halituamishi maji, mizizi inapumua. Shimo, lililo hatua moja tu pembeni, linayanasa maji yaliyoteremka pamoja na udongo wake, nayo yanazama taratibu. Magugu yanayopaliliwa hutupwa humo yakaoza, yakawa mbolea. Mteremko ule ungekuwa na matuta matupu ya kushuka chini, kila mfereji ungebeba udongo hadi mtoni. Ungekuwa mashimo matupu, maharage yangezama. Kwangu mimi huu ni uhandisi wa hali ya juu, na nguvu yake yote imo katika ujirani wa vitu viwili visivyofanana.

Ukiteremka hadi Mbamba Bay, ujirani wa namna hiyo uko majini. Mwambao wa Ziwa Nyasa una majabali, kisha mchanga, kisha majabali tena. Mbuna, samaki wadogo wenye rangi kali, hula mwani wa kwenye mawe na kujificha nyufani. Mchangani hakuna maficho, kwa hiyo wachache huvuka. Jike huatamia mayai mdomoni na kuwaachia watoto mawe yale yale. Baada ya vizazi vingi, mbuna wa jabali hili huweza kuwa na rangi tofauti na wa jabali la pili. Ndiyo sababu mojawapo ya ziwa hili kuwa na mamia ya spishi za samaki zisizopatikana kwingine duniani.

Walimu wa Mbinga na Nyasa, wapelekeni wanafunzi shambani mvua ikikatika. Washike udongo wa tuta kwa mkono mmoja na wa shimo kwa mwingine, waeleze wenyewe tofauti yake.