Ukuta wa Saranda

Ukipanda treni ya reli ya zamani kutoka Dodoma kwenda Tabora, unashuka hadi Bahi, unakata uwanda wa majaruba ya mpunga, kisha kichwa cha treni kinaanza kuhema kikipanda kuelekea Saranda na Manyoni. Abiria wengi hapo huwa wamelala. Je, wajua kwamba ukuta ule unaopandwa na treni ni ukingo wa Bonde la Ufa, na kwamba Bahi ni ardhi iliyodidimia?

Huniudhi kumsikia mtu wa Dodoma akisema tetemeko ni la Kagera na volkano ni ya Arusha, sisi tuko katikati ya nchi, tumesalimika. Mabamba ya dunia hayajui katikati ya nchi ni wapi. Bamba la Somalia linajitenga na lile la Nubia kwa milimita chache kila mwaka, na ufa wa mvutano huo unatujia kutoka Ethiopia na Kenya.

Ulipofika kwetu ukakuta kizuizi. Chini ya Shinyanga, Tabora na Singida imelala kratoni ya Tanzania, jabali la zaidi ya miaka bilioni 2.5, lenye mzizi mrefu. Aliyewahi kupasua kuni anajua: shoka likigonga fundo, gogo halipasuki katikati, nyufa hulizunguka fundo. Ndivyo Bonde la Ufa lilivyogawanyika, mkono mmoja ukashika njia ya Ziwa Tanganyika na Rukwa, mwingine Natron na Manyara. Huu wa pili, ulipoufikia ukingo wa kratoni, ulitawanyika ukawa nyufa nyingi: Saranda, Bubu, Hombolo. Majina ya nyumbani kabisa.

Miamba ya kratoni ni ya kale na imepoa. Penye joto jingi, mwamba wa chini hupinda polepole kama lami juani. Uliopoa hushikilia, ukashikilia, hata kilomita 30 chini ya ardhi, kisha hukatika kwa ghafla. Ndiyo maana Dodoma haina mlima wa moto kama Oldoinyo Lengai, lakini matetemeko inayo. La Novemba 4, 2002 lilikuwa na ukubwa wa 5.5. Lile la Kagera la Septemba 10, 2016, lililoua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu, lilikuwa 5.9.

Ufa una neema zake pia: mpunga wa Bahi, magadi ya Natron, heliamu ya Rukwa, chemchemi za maji moto.

Lakini tangu serikali ihamie Dodoma, nyumba zinaota kila mtaa, na bado wapo wanaopandisha tofali hadi kwenye kenchi bila lenta ya kuzunguka, eti kuokoa nondo na saruji. Huko ni kuacha kuta nne zisizoshikana zingoje ardhi icheze. Wewe unayejenga mwaka huu, fundi akikwambia lenta ya madirishani yatosha, mkatalie. Ifungwe nyumba nzima, pembe kwa pembe.