Mbuzi Wako Akianza Kupofuka

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, alikuja ofisini kwetu mkulima mmoja wa skimu za upande wa Makueni. Alisimama mlangoni ameshika kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na mbuzi jike wa maziwa mwenye mimba. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe kana kwamba limemiminiwa uji, na la kulia lilikuwa likitiririka machozi. Mkulima yule hakuja kutafuta dawa. Alitaka tu kujua bei ya mchinjaji siku ile, maana majirani walikuwa wamemwambia, "Huyo amekwisha." Nilimwomba akae kivulini amngoje Bwana Mifugo. Leo mbuzi yule anaona kwa macho yote mawili, amezaa pacha, na watoto wa mkulima wanakunywa chai ya maziwa.

Ndugu mkulima, mimi si daktari wa wanyama. Ni karani wa ofisi ya kilimo, na masomo yangu yalikuwa ya ualimu. Lakini jambo hili nalijua kwa uchungu. Nilipokuwa kijana kwetu Kitui, mbuzi wa mwaitu alianza kufumba jicho. Nikasaga chumvi ya mawe, nikachanganya na majivu, nikampulizia jichoni kwa bomba la kalamu, kama nilivyoona wazee wakifanya. Mbuzi alilia usiku kucha. Jicho lile, ambalo pengine lingepona lenyewe, lilipasuka siku ya nne. Kwa hiyo nikikuambia usitie chumvi kavu, majivu, sukari wala maji ya tumbaku katika jicho la mnyama, sikusemei kutoka kitabuni peke yake.

Kwanza tazama vizuri, kwa kuwa macho hupotea kwa njia nyingi na kila njia ina dawa yake. Njia iliyo ya kawaida zaidi katika nchi yetu kavu ni ugonjwa wa macho mekundu unaoambukiza. Huletwa na viini vidogo visivyoonekana. Inzi hunywa machozi ya mbuzi mgonjwa, kisha huruka na kutua kwenye jicho la mwenzake. Vumbi la Julai hadi Septemba, jua kali, na mbuzi wengi kubanana katika zizi moja huongeza taabu. Mbuzi huanza kutoa machozi na kukwepa mwanga. Jicho huwa jekundu, halafu huingia ukungu wa buluu au mweupe. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, na hapo ndipo wanapokosea. Ukungu ule si lazima uwe upofu wa daima. Mbuzi wengi hupona katika majuma mawili hadi manne, mradi wasaidiwe mapema na jicho lisitoboke.

Msaada wenyewe ni huu. Mtenge mgonjwa na wenzake, mweke kivulini, umpelekee majani na maji pale pale. Chemsha maji, yapoe, utie kijiko kidogo kimoja cha chumvi, kisichojaa kupita kiasi, katika nusu lita. Chumvi iliyoyeyuka kwa kipimo hiki haiunguzi kama ile niliyopuliza mimi. Osha jicho taratibu kwa kitambaa safi, ukitupa uchafu mbali na inzi. Kisha mwone afisa wa mifugo wa wadi yako. Kwa kawaida ataagiza mafuta ya macho ya tetrasiklini, au sindano ya oksitetrasiklini ikiwa ugonjwa umeingia kwa wengi. Mafuta hupakwa ndani ya kope la chini mara tatu au nne kwa siku. Usiguse jicho kwa mdomo wa chupa, na usiache dawa siku ile unapoona nafuu ya kwanza. Nawa mikono kabla na baada. Maziwa ya mbuzi aliyepigwa sindano yasinywewe wala kuuzwa mpaka zimepita siku zilizoandikwa kwenye dawa. Tena usichukue dawa ya macho ya watu iliyobaki rafuni. Nyingine zina steroidi, nazo huliharibu kabisa jicho lenye kidonda.

Pengine jicho limeunguzwa. Wengi wetu tumezungushia maboma yetu mnyaa, ule ambao wengine huuita manyara, na utomvu wake mweupe ni moto jichoni, kwa mbuzi na kwa mtoto vilevile. Usikate ua wakati mbuzi wako karibu. Tena yuko swila, nyoka atemaye mate. Wataalamu walitambua mwaka 2007 kwamba yule mkubwa wa nchi zetu za joto ni aina ya peke yake, wakampa jina la Ashe, lakini mbuzi aliyetemewa hana haja ya kujua jina. Utomvu au sumu, la kufanya ni moja: mwagia jicho maji safi mengi, papo hapo, kwa muda wa robo saa au zaidi. Najua maji ni ya kutekwa mbali kwa punda, lakini debe hilo ni rahisi kuliko mbuzi. Kama ni mwiba wa mgunga uliozama katika mboni, usiuchomoe. Mfunge mbuzi asijikune, umwite daktari wa mifugo.

Baada ya ukame mrefu huja upofu wa namna nyingine. Tuliona mvua zikikosa msimu baada ya msimu tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, na mifugo iliyobaki ilikula mabua yaliyokauka tu. Mnyama akikaa miezi mingi bila jani bichi, vitamini A iliyowekwa akiba katika ini lake hukwisha. Mchana huona, jua likitua hugonga mlango wa zizi. Mbuzi hupatwa na jambo hili kwa nadra kuliko ng'ombe, kwa kuwa husimama kwa miguu miwili akachuma majani ya juu. Yule afungwaye kamba na kuletewa mabua ndiye wa kuchungwa. Mpe majani mabichi ya kunde, ya viazi vitamu, au ya miti anayoipenda, na umwulize afisa habari za sindano ya vitamini. Upofu wa usiku ukishughulikiwa mapema huondoka. Ukichelewa, hubaki.

Kuna jambo moja ambalo naomba ulisome mara mbili. Zipo dawa za minyoo zenye klosanteli, jina lililoandikwa kwa Kiingereza ubavuni mwa chupa. Ni dawa nzuri kwa minyoo inyonyayo damu, lakini ikizidishwa hupofusha mbuzi na kondoo, na upofu huo kwa kawaida haurudi nyuma. Mkulima hukisia uzito kwa jicho lake, akaongeza kidogo "ili ifanye kazi", kisha akarudia juma linalofuata. Mpime mbuzi kwa mizani au kwa tepe, ndipo upime dawa.

Na ikiwa macho ni maangavu kabisa lakini mbuzi haoni, tena anazunguka upande mmoja au anainua kichwa kutazama juu, basi ugonjwa uko katika ubongo. Usingoje hata siku moja, mwite daktari. Mojawapo ya visababishi ni vifuko vya tegu atokaye kwa mbwa, kwa hiyo usimtupie mbwa kichwa cha mbuzi au kondoo aliyechinjwa, na umpe mbwa dawa ya minyoo.

Utajuaje kama kweli haoni? Usimpungie mkono, maana atausikia upepo wake. Chukua tonge la pamba, mzibe jicho moja, uliangushe mbele ya jicho la pili. Pamba haina sauti wala upepo. Anayeona hulifuata kwa kichwa.

Sasa tuseme umefanya yote na macho hayakurudi. Bado kisu si lazima. Mbuzi kipofu asiye na maumivu hula, huzaa, hukamuliwa, na upofu ulioletwa na inzi au mwiba haurithiwi na watoto wake. Anachohitaji ni dunia isiyohamahama. Birika la maji likae mahali pamoja, chumvi ya kulamba mahali pamoja, na lango la zizi lisibadilishwe. Siku mbili tatu za kwanza mshike umwongoze toka majini hadi penye majani, atajifunza njia kwa pua na masikio. Mvishe kengele mbuzi mpole anayependa kukaa naye, naye ataifuata. Mtenge na wenye pembe wakali wakati wa kula, maana hatayaona mapigo yakija. Sema naye kabla ya kumgusa. Funika mashimo, na usimpeleke kwenye kingo za matuta wala visima vya mchangani mtoni. Usimfunge kamba ndefu penye vichaka, atajinyonga. Akizaa, kaa karibu hadi watoto wapate titi. Baada ya hapo atawajua kwa harufu na mlio.

Ukiamua kumwuza, mwambie mnunuzi ukweli kabla ya kupokea fedha. Na kama jicho limepasuka, mnyama hali, amekonda na anasaga meno kwa maumivu, hapo usimcheleweshe. Mwite daktari amtazame, na akisema hapana tumaini, achinjwe, ila nyama isiliwe kama dawa alizopewa hazijamaliza siku zake.

Mkulima wetu wa Makueni alimwacha mbuzi wake kivulini majuma matatu, chini ya mkwaju nyuma ya jiko. Aliniambia kazi iliyomshinda zaidi haikuwa mafuta ya macho wala maji, ilikuwa kuwajibu majirani kila jioni walipopita kuuliza nyama italiwa lini.