Mshika mbili na pigo la tatu

Tangu nilipozungumzia michezo ya mezani nimepata barua nyingi, na moja imetoka kwa marafiki wawili waliokaribia kukosana. Wanacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza kwa maneno na dadu, uliotungwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974.

Mmoja wao ana mhusika aliyefika daraja la 5 la upiganaji na daraja la 5 la uwindaji. Fani zote mbili humpa mtu wa daraja hilo pigo moja la ziada. Basi yeye anadai kupiga mara tatu kila zamu yake ifikapo. Mwenzake anasema ni mara mbili, tena anamwita mdanganyifu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Tuanzie chini. Kila mhusika ana fani yake: mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi na kadhalika. Akishinda hatari hupanda daraja, kutoka 1 hadi 20. Katika toleo la 5 la kanuni, la mwaka 2014, kila apandapo anaweza kuendelea na fani ile ile au kuanza nyingine, ilimradi mwongozaji wa mchezo akubali, na vipaji vinavyotakiwa na fani zote mbili visipungue alama 13.

Sasa, nini hujumlishwa na nini hakijumlishwi? Madaraja yenyewe hujumlishwa. Tano na tano ni kumi, na nyongeza ya ustadi wake ni ile ya mtu wa daraja la 10, yaani 4. Uhai wake nao huongezeka kwa kila daraja, la fani yoyote ile.

Lakini uwezo wa fani haufuati jumla hiyo. Kila fani humpa mtu kile alichokifikia ndani yake tu. Na pigo la ziada, hata likitolewa na fani mbili, huhesabiwa mara moja.

Mizungu ndiyo huwachanganya wengi. Chukua mchawi wa daraja la 5 ambaye pia ni kasisi wa daraja la 5. Nafasi zake za kutumia mizungu huhesabiwa kwa jumla, kwa hiyo ana nafasi 2 za daraja la 5 la mizungu. Hata hivyo, mizungu anayoijua katika kila fani inaishia daraja la 3. Ni sawa na mtu mwenye sufuria kubwa na kibaba kimoja cha mchele. Atapika, na baadhi ya mizungu midogo huongezeka nguvu ikiwekwa katika nafasi kubwa, lakini mchawi aliyebaki na fani moja hadi daraja la 10 anayo mizungu ya daraja la 5 yenyewe.

Turudi kwa vijana wetu. Mapigo ni mawili. Mpiganaji hupata la tatu akifika daraja la 11 la upiganaji, na kwa huyu mwenye madaraja 5 ya uwindaji, jumla itakuwa imefika 16. Hiyo ndiyo bei aliyolipa. Alichonunua ni mizungu ya mwindaji na ujuzi wa porini, ambavyo mpiganaji mtupu hana. Tena upiganaji wake umempa ruhusa, mara moja kabla ya kupumzika, kutenda mara mbili katika zamu moja. Hapo atapiga mara nne, wala hakuna wa kumlaumu.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hapa hakuna iliyomponyoka kijana huyu, ila zote mbili zinakua polepole. Kujumlisha vibaya si udanganyifu, na aliyemwita rafiki yake mdanganyifu anadaiwa neno la kumtaka radhi kabla dadu hazijarushwa tena.

Tukutane juma lijalo.