Mbwa mkubwa nyumbani: ahasiwe akiwa na umri gani?

Ni jioni ya Julai mjini Sumbawanga. Baridi imeshuka, magunia ya mahindi yamejaa stoo, na mbwa wa nyumba, German Shepherd dume wa miezi minane, amerudi baada ya kupotea tangu jana usiku. Sikio lake lina jeraha. Mtoto wa darasa la pili anakimbia kumkumbatia, mama anampigia kelele asimguse. Baba anasema kesho ataita mtu wa mifugo aje amhasi, labda atatulia.

Familia nyingi zinazofuga mbwa wakubwa kwa ajili ya ulinzi zinaitambua picha hiyo. Ndani yake kuna maswali mawili ambayo wazazi huyachanganya: mbwa ahasiwe lini, na nini kinawalinda watoto. Kila moja lina jibu lake.

Mifupa imalize kukua

Kuhasi si jambo geni Ufipa. Madume ya ng'ombe huhasiwa ili wawe maksai wa kukokota jembe na mkokoteni. Anayewatazama vizuri ataona kuwa ng'ombe aliyehasiwa mapema hurefuka miguu kuliko dume aliyeachwa.

Sababu ni homoni za uzazi. Ndizo zinazoupa mfupa ishara kuwa umefika mwisho wa kurefuka. Zikiondolewa mapema, mfupa huendelea kukua kupita wakati wake, na magoti na nyonga hubeba uzito vibaya. Mbwa wadogo humaliza kukua mapema na ni wepesi, hivyo wengi wao hawapati shida hiyo. Mbwa mkubwa anaweza kuendelea kukua hadi mwaka mmoja au mwaka na nusu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani, walipitia kumbukumbu za matibabu za German Shepherd 1,170 na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Kati ya madume ambao hawakuhasiwa, asilimia 7 walipata ugonjwa wa maungio. Kati ya waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka, walikuwa asilimia 21. Kwa majike, ilikuwa asilimia 5 dhidi ya 16.

Mwaka 2020 watafiti hao walitoa mwongozo wa aina 35 za mbwa. Kwa German Shepherd, walishauri kusubiri hadi apite miezi 23. Chama cha hospitali za wanyama cha Marekani kinaruhusu mapema kidogo: dume anayetarajiwa kuzidi kilo 20 ahasiwe akishamaliza kukua, kati ya miezi 9 na 15. Kwa vipimo vyote viwili, miezi minane ni mapema mno.

Jike ana hesabu nyingine

Kwa jike, kusubiri kuna gharama. Kila anapopita kipindi cha joto kabla ya kutolewa kizazi, hatari ya uvimbe wa matiti huongezeka. Akizeeka na kizazi chake, anaweza kupata usaha kwenye mfuko wa uzazi, ugonjwa unaoua usipotibiwa haraka.

Halafu kuna mimba. Joto hudumu kama wiki tatu, mimba siku 63 hivi, na jike mkubwa anaweza kuzaa watoto wanane au zaidi. Wasipopata wa kuwachukua, huishia jalalani na mitaani. Familia isiyo na uzio wa kumfungia jike kwa wiki hizo tatu ina sababu nzuri ya kumwomba daktari wa mifugo amfanyie upasuaji mapema zaidi. Lakini asifanyiwe akiwa kwenye joto, kwa kuwa mishipa imejaa na damu hutoka kwa wingi.

Kuhasi hakuzuii kichaa cha mbwa

Mbwa aliyehasiwa hupunguza kuzurura kufuata majike, lakini bado anaweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Kinachomlinda ni chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu haponi kamwe.

Kwa kawaida mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Akirudi na jeraha la kuumwa, mtu mzima amfungie mbali na watoto na kutoa taarifa kwa afisa mifugo siku hiyo hiyo, hata kama amechanjwa. Mtoto akiumwa, akikwaruzwa au kulambwa kwenye kidonda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya bila kusubiri.

Siku ikifika

Mbwa hahasiwi kwa koleo la maksai. Anahitaji dawa ya usingizi, vifaa safi na daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Ofisi ya mifugo ya manispaa au halmashauri ndiyo mahali pa kuanza kuuliza. Akirudi nyumbani, alale ndani pakavu, kwani dawa ya usingizi hushusha joto la mwili na usiku wa Ufipa una baridi kali. Asikimbie, asioge na asilambe kidonda kwa siku 10 hadi 14.

Dume anaweza bado kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji. Ugali wake upunguzwe, maana aliyehasiwa hunenepa upesi. Kuhusu ulinzi, wazazi wasihofu: mbwa aliyehasiwa huendelea kumbwekea mgeni getini.

Kwa familia ile ya jioni ya Julai, kazi ya kesho asubuhi ni kumwita afisa mifugo aangalie jeraha na kadi ya chanjo. Kazi ya wiki hii ni kuziba tundu alilotokea chini ya uzio. Kuhasi kunaweza kusubiri hadi mwakani.