Wachoma Makaa wa Ndola na Ndege Iliyoanguka

Mto Lufira ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya Koni, karibu na Likasi. Katika Septemba 1961, darajani pake zilirindima risasi. Askari wa Umoja wa Mataifa walijaribu kuvuka ili wawaokoe wenzao Waairishi waliozingirwa Likasi, mji ambao siku hizo uliitwa Jadotville, wakashindwa. Tarehe 17 Waairishi wakasalimu amri.

Jioni ya siku iyo hiyo Bwana Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa njiani kutoka Léopoldville kwenda Ndola, ng'ambo ya mpaka, ili apatane na Bwana Tshombe wa Katanga kuacha vita. Kwa kuihofia ndege ya vita ya Katanga, rubani alizunguka mbali. Baada ya saa sita ya usiku aliziona taa za Ndola, akaanza kushuka. Hakutua. Ndege iliangukia msituni, yapata kilometa 15 toka uwanjani. Kati ya watu 16 aliokotwa hai mmoja tu, naye akafa baada ya siku chache.

Wakubwa wa serikali hawakufika penye mabaki mpaka alasiri. Lakini msitu ule ulikuwa na watu. Mchoma makaa hana budi kulilinda tanuri lake hata usiku, maana moto ukipata upenyo, kuni zote huwa majivu. Baadhi yao walisimulia kwamba waliona ndege nyingine ndogo, au moto angani. Wengine walinyamaza kwa kuwaogopa wakoloni.

Mwaka 1962 tume ya Rhodesia haikuwasadiki Waafrika hao. Ikaamua kuwa rubani alikosa, akashuka chini mno. Tume ya Umoja wa Mataifa haikupata sababu ya hakika, wala haikukana kwamba ndege yaweza ilishambuliwa.

Ikapita miaka zaidi ya 50. Mwaka 2015 jopo jipya liliongozwa na Mheshimiwa Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania wakati ule. Mashahidi tisa, sasa wazee, walipewa uzito waliostahili tangu mwanzo. Mwaka 2017 Jaji Othman aliandika kwamba yaelekea ndege ilishambuliwa au ilitishwa, ingawa hakukata shauri. Baadaye alizitaja Uingereza, Marekani na Afrika ya Kusini kuwa yamkini zina karatasi ambazo hazijatolewa.